Msilifue Lile Shati

Nilifika msibani siku ya tatu. Ilikuwa Agosti, ule upepo wa Dodoma unaokausha midomo na kutia vumbi hadi kwenye sufuria za wali. Marehemu alikuwa kijana wa bodaboda. Polisi walisema alikaidi amri ya kusimama. Waliokuwepo walisema alisimama. Nikamuuliza baba yake mdogo zilipo nguo alizokuwa amevaa. Akanionyesha uani kwa kidevu. Kwenye kamba, katikati ya kanga mbili, lilianikwa shati la mistari, safi kabisa, lenye tundu dogo mgongoni. Shangazi yake alikuwa amelifua usiku kwa sabuni ya kipande, akalisugua mpaka doa likaisha.

"Nisingeweza kulala nalo vile, mwanangu," aliniambia.

Hakuna wa kumlaumu. Lakini katika lile beseni ilimwagika damu, na pamoja nayo masizi ya baruti ambayo yangeweza kumwambia mtaalamu risasi ilitoka umbali gani. Tulibaki na tundu na maneno ya mashahidi. Tangu siku hiyo, ninapoitwa kwenye msiba wa namna hii, jambo la kwanza ninalosema baada ya pole ni hilo: msifue nguo.

Nawaandikia ndugu, majirani na wenyeviti wa mitaa, watu wa hapa mjini, Bahi, Kongwa, Kondoa, Manyoni na Ikungi, ambao hawatarajii kamwe kuyahitaji maelezo haya. Hakuna anayetarajia. Mkono wa dola ukiua, uwajibikaji hauji wenyewe. Unaanza na kile familia ilichohifadhi katika siku tatu za mwanzo, wakati kila mtu analia na hakuna anayetaka kusikia habari za karatasi.

Kesi zilizofika mwisho

Wapo wanaosema askari hafungwi nchi hii. Si kweli, na ni vizuri kujua hivyo kabla hamjakata tamaa.

Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa katika msitu wa Pande, Dar es Salaam. Taarifa ya polisi iliwaita majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi. Ndugu hawakukubali, kelele zikafika Ikulu, Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, na hadithi ya majibizano ikaporomoka. Maofisa na askari, akiwemo Abdallah Zombe aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, walishtakiwa kwa mauaji. Mahakama Kuu iliwaachia wote Agosti 2009. Jamhuri ikakata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja, Christopher Bageni, wengine wakabaki huru. Ilichukua miaka kumi na miezi minane.

Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa kazini, mbele ya waandishi wenzake. Picha zilizopigwa pale zilimwonyesha akiwa amezingirwa na askari. Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia.

Na Juni 2025, Mahakama Kuu Mtwara iliwahukumu maofisa wawili wa polisi kunyongwa kwa kumuua kijana mfanyabiashara wa madini Januari 2022. Washtakiwa walikuwa saba, watano waliachiwa.

Ukizitazama kesi hizi pamoja utaona kitu kimoja. Katika kila moja kulikuwa na mtu asiye polisi aliyeshika kitu ambacho hakikuweza kupingwa kwa maneno: ndugu anayejua marehemu alitoka nyumbani saa ngapi na amebeba nini, au mpiga picha ambaye hakukimbia.

Sheria inasema nini

Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inakataza kutumia nguvu kupita ile inayohitajika kumkamata mtu. Kisha inaongeza kwamba askari anayekamata asifanye tendo linaloweza kuua, isipokuwa anaamini, kwa sababu za msingi, kuwa ni lazima ili kuokoa uhai au kuzuia mtu asipate madhara makubwa. Misingi ya Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya silaha, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, inakwenda njia hiyohiyo: silaha ya moto ni ya kuzuia hatari ya kifo au jeraha kubwa iliyo mbele ya macho, na kuua kwa makusudi kunaruhusiwa pale tu ambapo uhai hauwezi kulindwa kwa njia nyingine.

Kwa hiyo suala si kama marehemu alikuwa mtu mwema. Mwizi wa mbuzi ana haki ya kufikishwa mbele ya hakimu kama alivyo mchungaji. Mtu asiwayumbishe kwa kuuliza, "Kwani huyo kijana wenu alikuwa malaika?" Kinachotakiwa kujibiwa ni hiki: wakati ule risasi inatoka, ni uhai wa nani uliokuwa hatarini?

Siku ya kwanza: mwili, nguo na daftari

Chagueni mtu mmoja wa kushika mambo haya. Asiwe mama wa marehemu, asiwe mke. Awe mjomba au binamu mwenye mwandiko unaosomeka na moyo usiochemka haraka. Mpeni daftari. Aandike tarehe, saa, jina la kila askari au daktari aliyezungumza naye na maneno aliyoyasema. Kumbukumbu ya msibani hudanganya. Baada ya wiki mbili ndugu watatu watakuwa na saa tatu tofauti.

Kama mtu amejeruhiwa na bado yuko hai, matibabu kwanza. Fomu ya PF3 inatolewa na polisi, lakini majeruhi anayevuja damu asicheleweshwe kwa ajili ya karatasi. Mmoja aende naye hospitali, mwingine afuate fomu. Ikishajazwa na daktari, pigeni picha kurasa zote kabla ya kuirudisha.

Kama amefariki, msikubali kuzika kabla mwili haujachunguzwa na daktari. Najua ugumu wake. Kwa ndugu zetu Waislamu wa Kondoa kuchelewesha maziko ni jambo zito, na hata kwetu wengine kila siku ya mwili mochwari ni siku ya gharama na maneno. Zungumzeni na shehe au mchungaji mapema. Wengi wao huelewa kwamba saa chache za uchunguzi ni sehemu ya kumtendea marehemu haki. Kaburi linaweza kufukuliwa baadaye kwa amri ya mahakama, lakini ni njia ya machungu, na udongo unakuwa umekwisha kula ushahidi mwingi.

Ombeni kwa maandishi kwamba ndugu mmoja awepo, na kama mna uwezo, daktari wenu naye ashuhudie. Ndugu atakayeingia asiende kulia tu. Aangalie na kuandika: matundu mangapi, yapo wapi, lipi dogo na lipi kubwa, mikono ina alama za pingu au kamba, kucha zikoje. Amuulize daktari kwa upole risasi iliingilia wapi na kutokea wapi. Mtu anayedaiwa kuwashambulia askari uso kwa uso akiwa na tundu la kuingilia mgongoni, hilo ni swali linalotembea lenyewe hadi mahakamani.

Nguo zikiwa mikononi mwenu, zianikeni kivulini zikauke, halafu zitieni kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki huzuia hewa, damu huoza. Wapelelezi wakizitaka wapeni, lakini wasaini kwenye daftari kwamba wamezichukua, na zipigeni picha kwanza.

Isomeni taarifa ya polisi kipande kwa kipande

Baada ya siku moja au mbili taarifa kwa vyombo vya habari itatoka. Msiende getini kugombana nayo. Ikateni vipande, na kila kipande mkiombee kitu kinachoshikika.

Ikisema marehemu alikuwa jambazi aliyekuwa akitafutwa, ulizeni namba ya jalada la kesi aliyokuwa akitafutiwa, na jina la mlalamikaji. Jambazi wa kweli ana faili kabla ya kufa.

Ikisema alikuwa na silaha, ulizeni ni silaha gani, namba yake, nani aliiokota, na kama ilipimwa alama za vidole. Ikisema kulikuwa na majibizano ya risasi, ulizeni maganda mangapi yaliokotwa na ya silaha zipi, askari gani aliumia, gari la polisi lina tundu wapi. Majibizano ya upande mmoja si majibizano.

Ikisema alifariki akikimbizwa hospitali, nendeni kwenye daftari la mapokezi la hospitali: aliletwa saa ngapi, akiwa hai au mwili? Umbali wa dakika kumi uliochukua saa tatu una maelezo yake.

Ikisema alijinyonga au kujiumiza mahabusu, ulizeni zamu ilikuwa ya nani, alijinyonga kwa kitu gani wakati mkanda na kamba za viatu huvuliwa kaunta, na nani alimwona mara ya mwisho. Hapo jirani yetu Kenya ametupa funzo. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alifariki mikononi mwa polisi Nairobi, na polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa mwili ukakuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na michubuko ambayo mtu hawezi kujitia mwenyewe. Bila uchunguzi ule ukuta ungebaki na lawama.

Sheria yetu ya uchunguzi wa vifo, Sura ya 24, ina njia kwa vifo vya namna hii: uchunguzi mbele ya korona. Si ule ugonjwa. Ni kazi ya kimahakama ya kutafuta nani amekufa, lini, wapi na kwa sababu gani. Kifo cha mtu aliye mahabusu au gerezani kinapaswa kupitia huko. Njia hii inatumika kwa nadra kwa sababu wachache huiomba. Andikeni barua mahakamani kuiomba.

Barua, muhuri na bahati ya wakazi wa Dodoma

Mama mmoja alinisimulia alivyokwenda kituoni mara tano. Kila mara mazungumzo yalikuwa yaleyale.

"Shikamoo afande. Nimekuja kuulizia jalada la mwanangu."

"Marahaba mama. Upelelezi unaendelea. Rudi wiki ijayo."

Mara ya sita alikwenda na barua, nakala mbili. Moja akaiacha, nyingine akaomba igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Wiki hiyo alipata namba ya jalada. Neno la mdomo halina tarehe, ndiyo maana halimtishi mtu.

Barua iwe ukurasa mmoja, bila matusi na bila siasa: nani, lini, wapi, mliyoyaona kwa macho, mnayoyaomba. Iende kwa mkuu wa polisi wa wilaya, nakala kwa kamanda wa mkoa. Kisha iende kwenye Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, maana Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye anayeamua jalada liende mahakamani au lifungwe. Akilifunga, ombeni sababu kwa maandishi.

Nakala nyingine iende Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume hii imetajwa katika ibara ya 129 ya Katiba na sheria yake ni ya mwaka 2001. Kulalamika ni bure. Haiwezi kumfunga mtu; inachunguza na kupendekeza, na haigusi jambo lililo tayari mahakamani, kwa hiyo wahini mapema. Baada ya kifo cha Mwangosi ilifanya uchunguzi wake na kusema polisi walivunja haki za binadamu. Maneno hayo yalikuwa na uzito kwa sababu yalitoka ndani ya dola.

Mkazi wa Mtwara au Kigoma akitaka kuzizungukia ofisi hizi hupanda basi usiku kucha na kutafuta mahali pa kulala. Ninyi ofisi kuu za polisi, mashtaka, Tume na Wizara ya Mambo ya Ndani zipo katika jiji mnaloishi au lililo jirani nanyi. Nauli hadi Mji wa Serikali, Mtumba, haimshindi mtu anayedai haki ya mwanawe.

Fedha, saini na siku tisini

Mtu anaweza kuja na rambirambi, jeneza au gari la kupeleka mwili kijijini. Kupokea si dhambi. Lakini msisaini karatasi yoyote siku ya msiba. Kesi ya mauaji ni ya Jamhuri. Hakuna mjomba wala mzee wa ukoo mwenye mamlaka ya kuimaliza kwa mbuzi na blanketi.

Fidia ni njia nyingine, inayotembea sambamba na jinai. Kuishtaki Serikali kunahitaji ilani ya siku 90, nakala yake ikimfikia Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Madai ya madhara ya aina hii yana ukomo wa miaka mitatu. Familia nyingi hupoteza haki hii zikisubiri jinai iishe kwanza. Muoneni wakili au msaidizi wa kisheria ndani ya miezi michache. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi hawa, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi Dodoma.

Kwa wenye simu: ukipiga video, piga ukiwa mbali, usiingilie kazi, usikate kipande. Faili ya asili ibaki kwenye simu, nakala wapelekee watu wawili mnaoaminiana. Usikimbilie kuirusha mtandaoni na maneno ya kukisia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na neno moja la kuongeza chumvi linaweza kumgeuza shahidi kuwa mshtakiwa.

Pale karatasi zinapokwama

Sitawadanganya kwamba ukifuata haya yote haki itakuja. Februari 2018 mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji alipigwa risasi akiwa ndani ya daladala Kinondoni, wakati polisi wakiwatawanya waandamanaji. Askari sita walishikiliwa, jalada likafungwa bila yeyote kushtakiwa. Hapa kwetu, Septemba 7, 2017, mbunge Tundu Lissu alimiminiwa risasi mchana kweupe Area D, kwenye makazi ya wabunge. Waliofyatua waliitwa "watu wasiojulikana", na miaka ikapita bila mtu kupandishwa kizimbani. Na baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilizungumzia taarifa za mamia ya waliouawa, zipo familia zilizosema hazikupata hata mwili wa kuzika, na Novemba Rais aliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Kwa asiye na mwili wa kuzika, daftari ndilo linalobaki: alionekana wapi mara ya mwisho, amevaa nini, mochwari zipi zimetembelewa na tarehe zake, nani alijibu nini. Pelekeni taarifa ya kupotea polisi na mchukue namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo. Tume zinakuja na kuondoka; anayekuwa na tarehe ndiye anayesikilizwa.

Tatizo la mzizi ni kwamba polisi wanapoua, wanaopeleleza kwanza ni polisi. Kenya iliunda mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, kwa sheria ya mwaka 2011. Haijamaliza mauaji, lakini familia ina mlango mwingine wa kugonga. Jaji Chande huyohuyo aliongoza tume ya kuboresha taasisi za haki jinai, iliyozinduliwa Chamwino Januari 2023, ikapendekeza mageuzi makubwa katika Jeshi la Polisi. Mbunge wako aulizwe pendekezo gani limetekelezwa.

Na wewe afande unayesoma, kumbuka Nyololo: waliokuwa eneo lile walikuwa wengi, aliyefungwa miaka 15 ni mmoja. Amri haramu haikai kizimbani badala yako. Kwa wakubwa wenu, mfano upo na ni wetu. Watuhumiwa wa mauaji ya vikongwe walipoteswa na wengine kufa mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga mwaka 1976, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, hakuwa amemgusa mtu. Alijiuzulu Januari 1977.

Ndugu msomaji, usingoje msiba. Jioni hii muulize mtendaji wa mtaa jina na simu ya msaidizi wa kisheria wa kata yenu. Iandike mahali ambapo hata mtoto ataiona. Na wale shangazi na mama wanaosimamia beseni nyumbani, waambieni mapema.